Ngozi ya Taa na Uyoga wa Baba Mkwe

Marahaba, wajukuu zangu, marahaba wote. Lakini shikamoo haing'arishi meza. Jana nilipita hapo karakana yenu kuomba maranda ya kuwashia moto, nikapitisha kiganja kwenye lile benchi mnalojivunia. Jamani! Nimerudi nyumbani na kibanzi kidoleni, mpaka kikatolewa kwa sindano. Nilimuuliza msimamizi wenu, "Hili limekwisha?" Akanijibu kifua mbele, "Limekwisha, bibi, tumelipiga msasa." Nikasema moyoni, kweli mmelipiga, na lenyewe limerudisha.

Ndiyo maana nimeomba mnisikilize leo. Mimi nimeng'arisha mbao tangu siku za Mjerumani, kwanza pale bomani, baadaye misheni, mpaka macho yakaanza kuniacha. Na hata hapo niliendelea miaka kadhaa, kwa sababu kazi yetu haitaki macho. Mkienda kanisani mkakaa kwenye yale mabenchi ya zamani na nguo zenu zisichanike, nishukuruni mimi kabla ya padri.

Nyinyi mna karatasi ya msasa ya dukani. Sina ugomvi nayo. Ila imewafanya msugue mbao zote namna moja, kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua. Mimi nilifundishwa na walimu wawili ambao hawakufanana hata kidogo, samaki na uyoga. Samaki alitoka Kilwa, anaitwa taa. Uyoga ulitoka hapo mlima Matogoro. Na kwa sababu ya hao wawili, baba mkwe wangu alikaribia kunyongwa, na kosa lilikuwa langu. Msicheke, bado sijafika pa kucheka.

Jina la baba mkwe sitalitaja. Kwetu zamani mke hakutaja jina la baba wa mume wake, hakumtazama usoni, wala hakupokea kitu kutoka mkononi mwake. Ukimwona njiani, unatoka njiani, unasimama majanini mpaka apite. Siku hizi nawaona mabinti wanakaa meza moja na wakwe zao, wanachekeana na kugombea paja la kuku. Sawa, hiyo ni dunia yenu. Kwetu ile ilikuwa heshima, na aliyeivunja alisemwa mpaka kwao alikozaliwa.

Sasa vita vya Maji Maji vilipokwisha, Songea ilibaki majivu na njaa. Mama mkwe wangu alikufa katika njaa ile. Kila siku alikuwa ananisogezea uji wake akisema ameshiba, na mimi mjinga nilimwamini. Hilo linanichoma mpaka leo. Mume wangu naye alichukuliwa upagazi, kubeba mizigo ya boma kwenda pwani. Nyumbani tukabaki wawili tu, mimi na baba mkwe, watu wasioruhusiwa kusemezana. Zamani maneno yetu yalipita kwa mama mkwe. Sasa yapite wapi?

Tukaanza kuongea na kinu.

Naam, kinu cha kutwangia. Kilisimama katikati ya uwanja, yeye upande wake na mimi upande wangu. Nasema, "Ee kinu, uji umeiva, uko pale kwenye mafiga." Namsikia anajibu, "Ee kinu, mwambie aliyepika kwamba uji hauna chumvi." Nami, "Ee kinu, mwambie anayekunywa kwamba chumvi haipo Songea nzima, amuulize Mjerumani." Hapo kinu hakijibiwi, ila nasikia mtu anakohoa kuficha kicheko. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na niamini, kuna ndoa za siku hizi hazina mazungumzo mengi kama yale.

Kazi yake ilikuwa kuchonga. Mipini ya majembe, miko, na vigoda vya miguu mitatu ambavyo watu walivifuata kutoka mbali. Alikuwa na tezo moja ya kuchongea na kisu kimoja, lakini siri ilikuwa mwishoni. Kuchonga wengi walijua. Kumalizia alimalizia yeye peke yake, wala hakumruhusu mtu mwingine aguse, hata mwanawe wa kumzaa. Nami kwa kuwa sikuruhusiwa kukaa karibu naye, nilijifunza kwa kuchungulia kwenye ua wa matete.

Alitumia uyoga. Si ule wa kitoweo. Ni ule mgumu unaoota ubavuni mwa mti uliokufa, umejitokeza nje kama sikio. Ule uyoga ndio unaoula mti. Ukiuona kwenye gogo, usilichukue hilo gogo kwa kazi yoyote, hata kama linaonekana zima. Ligonge, utasikia linaitika kama mtu mwenye mafua. Lakini baba mkwe aliacha gogo akachukua uyoga. Aliuchuma siku za kiangazi tu, akauanika juu ya moshi wa jiko, kisha akaukata kwa kisu upate uso. Majani ya msasa yalitangulia, kuondoa alama za kisu. Halafu majivu yaliyochekechwa, uyoga, maji kidogo, uyoga tena, na mwisho mafuta ya nyonyo. Kigoda kikawa laini kama shavu la mtoto. Mabaki ya uyoga aliyatupa jalalani, nami nikawa nayaokota na kuyaficha, sijui hata kwa nini.

Basi siku moja mjumbe wa boma akapita kutafuta wanawake wa kupika na kufagia. Nikapelekwa kwa fundi wa mbao, mtu wa Kilwa, Fundi Shomari. Alikuwa mfupi, kikoi kimejaa vumbi la mninga, patasi imechomekwa sikioni, mdomo haupumziki. Ni yeye aliyenifundisha Kiswahili hiki mnachokisikia, na nusu yake ilikuwa malalamiko juu ya kitoweo. "Binti, nyinyi watu wa bara mnakula majani kama mbuzi! Mimi nimezaliwa na samaki. Hata ndotoni nakula samaki. Utanizika hapa, na kaburini kwangu utaota mchicha!"

Na ukutani mwa kibanda chake, kwenye msumari, palikuwa na samaki.

Mimi bahari sikuwahi kuiona, ila samaki mkavu nilimjua, wafanyabiashara walikuja nao. Huyu alikuwa bapa, mpana kuliko ungo, amekauka kama ubao. Nilimtazama siku tatu. Nikasema, masikini fundi wa watu, anamweka samaki wake kwa sababu hapa hakuna anayejua kumpika. Nitamfurahisha. Alikuwa mwema kwangu, jamani, alinipa makombo ya posho yake nipeleke nyumbani. Siku ya nne alipokwenda kupima milango, nikamtungua yule samaki, nikamkata vipande, nikamwosha maji matatu, nikamweka chunguni.

Alichemka tangu asubuhi. Kadiri anavyochemka, mchuzi unazidi kuwa mzito, mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Nikafurahi, nikajua huyu ana mafuta.

Fundi Shomari alirudi baada ya sala ya adhuhuri. Alisimama mlangoni akinusa, macho yakamjaa machozi. "Samaki! Binti, leo umenirudisha Kilwa." Akanawa, akakata tonge la ugali, akachovya, akatia kinywani. Akatafuna. Akatafuna tena. Nikasikia meno yanalia kachakacha.

"Ana mchanga," akasema kwa upole.

"Nimemwosha mara tatu, Fundi."

"Sawa. Umempata wapi?"

Nikamwelekeza kwa midomo, pale ukutani. Akageuka. Msumari ulikuwa mtupu.

"Lahaula!" Alikaa juu ya maranda kama mtu aliyekatwa miguu. "Binti, umenipikia msasa wangu!"

Ndipo nikaambiwa taa ni nini. Si kwamba haliwi. Nyama yake wanaila sana pwani. Lakini ile ilikuwa ngozi tupu. Mgongo wa taa una chembechembe ngumu, na mafundi wa pwani huikausha, wakakata kipande na kukizungushia kibao, wakasugulia mbao. Kibao chake kilikuwa kimekwisha makali, na hiyo ya ukutani ndiyo ilikuwa akiba yake yote. Msafara wa Kilwa ulikuwa mwendo wa wiki nyingi. Na ndani ya kibanda palikuwa na meza kubwa ya mninga ya Bwana Mkubwa wa boma, nusu imeshang'arishwa, nusu bado. Wageni wake walikuwa wanafika baada ya siku tano. Meza isipokwisha, mgongo wa Fundi Shomari ungelipa. Hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, ndivyo walivyohesabu.

Nililia. Naye badala ya kunipiga, akachukua chungu akakitazama vizuri, akatia kidole. Kikanasa. "Haya," akasema, "angalau tumepata gundi." Akachukua ule mchuzi akagundishia mguu mmoja wa meza uliokuwa umelegea. Msinicheke! Mguu ule haukulegea tena mpaka Waingereza walipoingia.

Kesho yake nikaja na uyoga wangu wa jalalani. Nikamwambia, "Fundi, kwetu tunamalizia kwa hiki." Akaushika kwa vidole viwili, akaunusa, akaurudisha. "Binti, jana ulinilisha msasa. Leo unataka nisugulie chakula?"

Nikamshawishi mpaka akanipa kipande cha mbao cha kujaribia. Nikasugua kwa nguvu zote. Mbao ikachubuka kama goti la mtoto. Akacheka mpaka patasi ikamtoka sikioni. Nikaona haya, nikaugeuza ule uyoga niuangalie, na hapo nikakumbuka nilichokiona uani kwa baba mkwe. Nilikuwa nasugulia upande wa juu, ule wenye ganda. Kazi iko upande wa chini, wenye vitundu vidogo usivyoviona mpaka uusogeze karibu na jicho. Nikaukata uso kwa chini, nikasugua tena taratibu, nikifuata mishipa ya mbao. Fundi Shomari akaacha kucheka. Akapitisha kidole gumba. Akapitisha tena.

"Ajabu hii," akasema. "Taa anafanya kazi kwa mgongo, mdomo kaficha tumboni. Huyu wenu anafanya kazi kwa tumbo." Tangu hapo tukawa tunabishana kila siku. Yeye anasema taa ni mkali, anakula haraka, mtu mwenye haraka atake nini tena? Mimi nasema uyoga hauli, unafuta. Yeye anasema taa hachoki. Mimi nasema basi mbona kachoka chunguni. Ukweli, wajukuu zangu, kila mmoja ana zamu yake. Penye mabonde ya randa, uyoga utasugua mpaka mvua inyeshe na hutafika. Hapo ni taa, au hiyo karatasi yenu. Lakini taa hajui kuacha. Anaondoa mkwaruzo mkubwa anaweka mdogo, na mwisho lazima aje mpole amalizie.

Nyinyi mnaacha kabla ya mpole hajaja. Ndiyo kosa la benchi lenu.

Ila meza ilikuwa kubwa na uyoga wangu ulikuwa vipande viwili. Jioni ya siku ileile ya kujaribu nikasimama uwanjani nikasema, "Ee kinu, bomani kuna meza ya fundi mwema, na anayepika hapa ndiye aliyemharibia. Uyoga unatakiwa." Kisha nikasikia, "Ee kinu, mwambie anayeiba mabaki yangu jalalani kwamba nilikuwa najua." Nilitamani ardhi inimeze. Asubuhi alikuwa ameshaondoka kwenda Matogoro.

Hakurudi siku ile. Nilikaa na uji wake mpaka ukaganda.

Kesho yake nikaenda bomani na mtungi wa maji kichwani, nikakuta watu wamejaa barazani. Katikati amekaa mzee chini, mikono imefungwa nyuma. Nilimjua kwa miguu, maana miguu ndiyo niliyozoea kuiona. Uso wake sikuwahi kuutazama sawasawa.

Mnajua au hamjui, vita vilikuwa vimekwisha lakini askari walikuwa bado wanatafuta dawa. Mtu akikutwa na maji kwenye kibuyu, anaulizwa ni maji ya nini. Na huyu alikamatwa akishuka mlimani, na mfuko wa ngozi wenye vipande vitatu vya kitu kigumu cha ajabu na unga wa rangi ya kahawia. Unga ule ni wa uyoga uleule uliokaukia mtini, aliusaga hukohuko mlimani achanganye na majivu. Askari akauinua mfuko, akamwambia Bwana Mkubwa, "Unga wa dawa. Wa kutia kwenye maji." Tulijua maneno hayo yanampeleka mtu wapi. Tulishaona kamba.

Baba mkwe alisema kwa Kingoni, "Ni vya kung'arishia vigoda." Askari akacheka. Nani angeamini kwamba mzee anapanda mlima wakati wa njaa kutafuta kitu cha kusugulia kigoda?

Niliogopa, nisiwafiche. Nikautua mtungi, nikapita katikati ya watu. "Bwana Mkubwa, mimi ndiye niliyemtuma."

Akanitazama. Kiswahili alikijua. "Wewe nani wake?"

"Mke wa mwanawe."

"Anaitwa nani?"

Nikageuka, nikampa baba mkwe mgongo.

"Hujui jina lake?"

"Nalijua, Bwana."

"Litaje."

"Siwezi."

"Umeona, Bwana?" askari akadakia. "Wanaficha!"

Fundi Shomari akatokea mbio kutoka kibandani, maranda yamejaa kichwani. "Bwana, Bwana! Hawa wana adabu zao. Mwanamke hataji jina la mkwewe, hata umchinje. Hata hamtazami. Mtazame alivyosimama!" Kweli nilikuwa nimesimama nimempa baba mkwe mgongo. "Na hicho kitu ni chombo cha kazi, Bwana. Nimekiona kwa macho yangu. Ni cha meza yako."

Bwana Mkubwa akafikiri. Akaagiza wanaume wanne walete meza barazani. Ikaja, nusu inang'aa, nusu imeparara. "Kama ni chombo cha kazi," akasema, "mzee aonyeshe."

Wakamfungua. Lakini mikono ilikuwa imefungwa tangu jana, imevimba kama mihogo. Alijaribu kushika kipande kikamwanguka. Akajaribu tena, kikaanguka tena. Nikasema, "Nitaonyesha mimi."

Nikafungua mfuko. Vipande vitatu, na mimi nilishazoea vya jalalani, vilivyokwisha kazi. Hivi vilikuwa vipya. Kimoja cheusi, kimoja cha rangi ya udongo, kimoja cheupe kidogo. Nianze na kipi? Nikianza na kisichofaa naichubua meza ya Bwana Mkubwa mbele yake, na mzee wa watu ndiyo basi tena. Aliyejua alikuwa amekaa hatua tatu nyuma yangu, na kinu kilikuwa nyumbani.

Nikainama, nikasema kwa sauti, "Ee meza, muulize mwenye mfuko nianze na kipi."

Wee! Askari aliruka. "Anaiombea meza! Bwana, huyu ni mganga pia!" Watu wakarudi nyuma, mwingine akakanyaga mtungi wangu ukapasuka. Nami nikajua nimejichimbia kaburi pamoja na mkwe wangu.

Kisha nyuma yangu nikasikia sauti ya mzee, imetulia kabisa kama yuko uwanjani kwake. "Ee meza, mwambie anayeuliza, aanze na cheusi. Cheupe cha mwisho. Upande wa chini. Na asisukume. Aache mkono uende wenyewe, yeye aufuate."

Fundi Shomari alishindwa kujizuia. Alicheka huku machozi yanamtoka, akawa anamweleza Bwana Mkubwa, "Hawaombi, Bwana, wanaongea! Hawaruhusiwi kusemezana, ndiyo wanapitishia kwenye meza!" Bwana Mkubwa akaitazama meza, akanitazama mimi, akamtazama mzee. Sura haikubadilika, ila alimfanyia askari ishara akae kimya.

Nikaanza. Majivu, maji kidogo, cheusi. Nilisikia, "Ee meza, mwambie amekaza bega." Nikalegeza bega. Cha udongo. "Ee meza, mwambie pale pembeni amepasahau." Nikaparudia. Jasho linanitoka, kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa miguuni mwangu nilipoanza, nilipoinua kichwa kilikuwa kimehamia kwenye ngazi. Cheupe. Kisha mafuta ya nyonyo, kwa kiganja, si kwa kitambaa. Mnanisikia? Kwa kiganja.

Nikasogea pembeni. Bwana Mkubwa akavua kofia, akafumba macho, akaweka mkono kwenye nusu ya taa. Akautelezesha taratibu mpaka kwenye nusu yangu. Akarudi. Akaja tena. Mwisho mkono ukasimama mahali, akafumbua macho. Ulikuwa upande wangu.

"Hii ya samaki?" akauliza.

"Hapana, Bwana," Fundi Shomari akajibu, na ilimuuma kusema. "Hiyo ni ya uyoga."

"Kwa nini hukumaliza yote kwa samaki?"

"Samaki ameliwa, Bwana."

"Na nani?"

Fundi Shomari akakohoa. "Na mimi, Bwana. Kidogo."

Bwana Mkubwa hakuuliza zaidi. "Mwacheni mzee aende. Mpeni mfuko wake." Ndivyo alivyoondoka pale. Wengine waliokaa kwenye baraza lile kabla yake hawakuwa na meza ya kuwasemea, na nawakumbuka kila ninapoomba.

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma mbali, kama desturi. Nililia njia nzima na hakugeuka. Tulipofika nikasimama upande wangu wa kinu. "Ee kinu, mwambie aliyefungwa kwamba aliyemtuma anaomba msamaha." Kinu hakikujibiwa. Kesho yake hivyohivyo. Siku zikapita, naweka uji kwenye mafiga, naona umenywewa, lakini hakuna neno, hata la kulalamikia chumvi. Nikajua nimevunja heshima. Nimesemezana na mkwe mbele ya boma zima, nimempitishia maneno kwenye samani ya Mjerumani. Aibu hiyo ingefutikaje?

Mikono yake ilipopona nikasikia tezo nyuma ya ua. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikuchungulia, sikuwa na uso huo tena. Siku ya nne nilifungua mlango nikakuta kigoda kimewekwa kizingitini. Miguu mitatu, imekaa sawasawa, kazi yake kabisa. Lakini juu palikuwa pamejaa alama za tezo. Hakukimaliza. Na juu yake vimepangwa vipande vitatu, cheusi, cha udongo, cheupe.

Yeye, ambaye hata mwanawe hakumruhusu kumalizia. Nilikaa pale mlangoni nikalia tena, ila hiki kilikuwa kilio kingine.

Kutoka uwanjani nikasikia mtu anakohoa. "Ee kinu," akasema, "mwambie fundi kwamba uji bado hauna chumvi."

Kuanzia siku ile vigoda vyote alichonga yeye nikamalizia mimi, mpaka alipofariki. Mume wangu aliporudi kutoka pwani alitukuta tunabishana kwenye kinu juu ya mafuta ya nyonyo, akadhani njaa imetuharibu akili. Fundi Shomari alipata ngozi nyingine ya taa, akanikabidhi niitundike mwenyewe msumarini, akasema, "Hii usiipike, binti, nitakutafutia samaki wa kweli." Na alinitafutia.

Kigoda chenyewe ndicho hiki ninachokikalia. Njooni, nainuka. Mmoja mmoja, fumba macho, pitisha kiganja. Taratibu, usisukume. Umeona? Sasa rudi kidogo kushoto. Hapo kuna alama moja ya tezo, ndogo, unaisikia? Zingine zote nilizimaliza, hiyo nikaiacha. Jina lake sitakiwi kulitaja, basi huwa naligusa hapo.

Haya, futeni machozi, nileteeni lile benchi lenu.